Wati 100 za dukani, wati 84 juu ya bati

Mnunuzi wa paneli ya sola hulipia wati zilizoandikwa nyuma yake. Wati hizo hupimwa kiwandani, seli zikiwa na joto la nyuzi 25 za Sentigredi. Juu ya bati, saa saba mchana, seli zaweza kufika nyuzi 65. Paneli nyingi za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25. Nyuzi 40 za ziada ni asilimia 16: wati 100 zinabaki 84.

Joto hilo hutoka wapi? Silikoni haiwezi kugeuza kuwa umeme mionzi ya infraredi inayozidi mikroni 1.1. Sehemu yake humezwa na paneli ikawa joto tupu. Hata mwanga unaofaa, sehemu kubwa huishia hivyo hivyo.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walifunika silikoni tupu kwa tabaka la silika lenye vitundu vidogo mno. Tabaka hilo hupitisha mwanga, lakini hutoa joto kwa infraredi ya mikroni 8 hadi 13, ambayo hupenya hewa hadi angani. Silikoni ilipoa kwa hadi nyuzi 13. Hata hivyo, kioo cha kawaida cha paneli nacho hutoa sehemu kubwa ya joto hilo, hivyo faida kwa mnunuzi ni ndogo zaidi.

Kinga ya bei nafuu ni hewa. Acha nafasi kati ya paneli na bati, na kabla ya kulipa, uliza kiwango cha upungufu kwa kila nyuzi.