Mbio za kilomita 21 na amana ya mwili: Nasaha kwa familia za Rulenge na kwingineko

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu katika umbile lililo bora. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, sahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ndugu msomaji, katika wilaya ya Ngara neno "kukimbia" lina uzito wake. Wazee wa huko wamewaona watu wakikimbia kweli kweli. Waliwapokea jirani zao kutoka Burundi mwaka 1972 na tena mwaka 1993. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakashuhudia zaidi ya watu laki mbili wakivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban siku moja, na vilima vya Benaco vikageuka mji wa maturubai. Lugha yetu imemwita mtu wa namna hiyo mkimbizi. Yeye hukimbia kwa kuwa nyuma yake pana mauti.

Leo tunataka kumzungumzia mkimbiaji, ambaye nyuma yake hakuna amfukuzaye. Tumchukulie kijana wa Kiislamu wa pale Rulenge. Mchana yumo dukani au shambani, hana mwalimu wa michezo, wala hatazamii kuwa bingwa. Ameazimia tu kushiriki nusu marathoni, yaani mbio za kilomita 21 na mita 97 na nusu, kama zile zinazoandamana na Kilimanjaro Marathon mjini Moshi. Anapomweleza mzazi wake, anajibiwa: "Mwanangu, jembe hulioni? Utakimbia uende wapi, na nani anakufukuza?"

Tunakiri kwamba swali hilo hata sisi tumepata kuwauliza vijana wetu. Tulidhani kwamba mtu mzima anayekimbia bila sababu amekosa la kufanya. Ndiyo maana tumeona Ijumaa hii tulirudie jambo hili na kulipima kwa mizani ya dini, si kwa mizani ya mazoea.

Je, Mtume (s.a.w.) alikimbia?

Ndiyo, alikimbia. Mama wa Waumini, Bibi Aisha (r.a.), amesimulia katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Ahmad kwamba walipokuwa safarini Mtume (s.a.w.) alishindana naye mbio, na Bibi Aisha akamshinda. Baada ya muda kupita na mwili wake kuongezeka, wakashindana tena na safari hiyo Mtume (s.a.w.) akawa mshindi. Akamwambia kwa mzaha kuwa ushindi huo umefidia ule wa kwanza. Tunajifunza hapa kwamba mbio ziliingia hata katika mapenzi ya mume na mke, tena kwa aliyebeba mzigo wa Utume.

Yuko pia Salama bin al-Akwa (r.a.), sahaba aliyesifika kwa kasi ya miguu. Imam Muslim amepokea kisa chake cha kuwafukuza kwa miguu wavamizi waliopora ngamia wa Mtume (s.a.w.). Wakati wa kurejea Madina, Answari mmoja ambaye hakuwa akishindwa kwa mbio alitaka mtu wa kushindana naye. Salama akamwomba ruhusa Mtume (s.a.w.), naye akamruhusu. Salama anaeleza kwamba hakutoka kwa pupa. Alijizuia kwa muinuko mmoja au miwili ili kuhifadhi pumzi yake, kisha akaongeza mwendo, akamfikia mwenzake na kumpita.

Ndugu zangu, kisa hiki kinamhusu moja kwa moja kijana wetu wa Rulenge, mahali ambapo kila njia ina kilima chake. Wengi wanaoanza mbio ndefu huharibikiwa katika kilomita tatu za mwanzo, kwa kutaka kumpita kila aliye mbele yao. Sahaba yule alilijua hilo karne kumi na nne zilizopita.

Mwendo wa wastani

Katika Surat Luqman, aya ya 19, tunamkuta Luqman mwenye hekima akimuusia mwanawe awe wa wastani katika mwendo wake. Wafasiri wamelieleza hilo kuwa ni adabu ya kutembea bila maringo, bila uvivu na bila papara. Nasi tunaona kwamba mwanafunzi wa mbio ndefu hana wasia bora kuliko huo. Anayejifunza akimbie kwa mwendo unaomwezesha kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Akishindwa kuzungumza, ajue amevuka mpaka wake.

Tena Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Kwa msingi huo, mtu mwenye afya ambaye tayari anaweza kutembea nusu saa bila taabu ajipe wiki 16.

Katika wiki nne za mwanzo atoke mara tatu kwa wiki, dakika 30 kila mara, akikimbia dakika mbili na kutembea moja, na kupunguza kutembea kidogo kidogo. Kuanzia wiki ya tano achague siku moja ya safari ndefu, aanze na kilomita 8, kisha aongeze moja au mbili kila wiki. Kila wiki ya nne apunguze ili mwili ujijenge upya. Afikapo wiki ya 14 atakuwa amefika kilomita 18, na hapo inatosha, hana haja ya kukimbia 21 kabla ya siku yenyewe. Wiki mbili za mwisho ni za kupunguza. Wengi hukosea hapo, wakadhani kupumzika ni kupoteza walichokichuma.

Mtume (s.a.w.) alimkataza Abdullah bin Amr (r.a.) kufunga kila siku na kusimama kuswali usiku kucha, akamkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake, kama alivyopokea Bukhari. Ikiwa ibada yenyewe imewekewa mpaka kwa ajili ya haki ya mwili, seuze mbio! Mwenye homa asikimbie, bali aende akapime malaria. Anayehisi maumivu ya kifua au kizunguzungu asimame papo hapo na kumuona daktari. Na aliyevuka miaka 40, au mwenye shinikizo la damu au kisukari, aanzie kwa daktari kabla ya kuanzia barabarani.

Kuhusu viatu, raba si lazima ziwe za bei kubwa. Zinazomkaa vizuri mguuni na zenye soli isiyoliwa zinatosha. Ila asivae viatu vipya kwa mara ya kwanza siku ya mashindano, kwani vitamchubua. Chakula nacho kipo nyumbani: ndizi, maharage, uji na maji ya kutosha.

Saa ya Rulenge

Wazazi wengi huhofia kwamba mazoezi yatamwibia kijana Swala. Hofu hiyo ina haki, lakini tutazame jinsi Mwenyezi Mungu alivyoipanga siku ya watu wa Ngara. Rulenge iko magharibi mwa nchi, na jua huchelewa kufika huko kwa zaidi ya nusu saa likilinganishwa na Dar es Salaam. Ndiyo maana adhana ya Magharibi ya Dar es Salaam ikisikika redioni, Rulenge jua bado halijazama. Kwa mwaka mzima jua huchomoza huko kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache asubuhi.

Basi kijana aamke kwa adhana ya Alfajiri, aswali jamaa msikitini, alete nyiradi zake, kisha atoke pale nuru inapoanza kutosha kuona njia. Atarejea kabla ya saa za kazi. Jioni anao muda baada ya Alasiri hadi karibu na Magharibi. Atakayetaka kuamka hivyo hana budi kulala mapema, na Mtume (s.a.w.) hakupenda mazungumzo yasiyo na haja baada ya Isha. Kijana aliyekuwa akikesha kwenye video na simu sasa analala kwa sababu ana miadi na alfajiri. Mzazi mwenye hekima ataona kwamba mbio zimemrudisha mwanawe msikitini.

Lakini siku mazoezi yatakapomfanya akose Swala kwa wakati wake, siku hiyo mbio zimegeuka hasara. Aziache mpaka atengeneze ratiba yake. Vilevile asifanyie mazoezi kwenye barabara kuu iendayo Rusumo, ambako malori ya masafa marefu hupita usiku na mchana. Njia za vumbi za vijijini ni salama zaidi na ni laini kwa magoti.

Na mabinti zetu?

Swali hili tusilikimbie. Bibi Aisha (r.a.) tuliyemtaja alikuwa mwanamke, na mwili wa binti nao ni amana kama wa kaka yake. Yanayotakiwa ni stara, usalama na mahali panapofaa: nguo pana zisizobana, hijabu nyepesi, na kutoka pamoja na ndugu yake au wenzake, si peke yake gizani.

Tarehe 11 Agosti 2024, Sifan Hassan, mzaliwa wa Ethiopia aliyeingia Uholanzi akiwa mkimbizi mwaka 2008, alishinda marathoni ya Michezo ya Olimpiki mjini Paris kwa saa 2, dakika 22 na sekunde 55, ikiwa ni rekodi ya Olimpiki. Alipopanda jukwaani kupokea medali yake ya dhahabu alikuwa amevaa hijabu. Hatumtaji ili kila binti afuate kila alilofanya, bali kuonyesha kwamba mkimbizi anaweza kuwa mkimbiaji, na kwamba kitambaa cha kichwani hakijamzuia mtu kufika mbele.

Mitego ya njiani

Mtego wa kwanza ni riya na kiburi. Nia ya kijana iwe kuulinda mwili ili autumie kwa ibada, kwa kazi na kwa kuwasaidia wazazi, si kupigwa picha na kusifiwa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Mwenyezi Mungu kuliko Muumini dhaifu, na kwamba wote wawili wana kheri, kama alivyopokea Muslim. Kwa hiyo mwenye nguvu asimdharau dhaifu.

Wa pili ni mavazi. Mwanamume naye ana utupu wa kusitiri, kuanzia kitovu hadi magoti. Bukta fupi za wakimbiaji hazimfai, avae suruali inayovuka magoti.

Wa tatu ni kamari. Kuwekeana dau na kubashiri mshindi kwa fedha ni katika yale yaliyoharamishwa katika Surat al-Maida, aya ya 90. Aya hiyo hiyo imeharamisha pombe, nayo ni mtego wa nne, kwani yapo mashindano yanayodhaminiwa na watengenezaji wa pombe, na kijana huvishwa fulana yenye jina la kilevi kifuani. Kabla ya kujiandikisha aulize nani mdhamini na fulana imeandikwa nini. Akiona shaka, achague mashindano mengine, au apime kilomita zake 21 nyumbani na kuzimaliza mbele ya ndugu zake. Malipo ya afya hayahitaji medali.

Na mwezi wa Ramadhani ukiingia, mashindano peke yake si udhuru wa kula mchana. Apunguze mazoezi, atoke kidogo karibu na futari au baada ya Tarawehe, na ajiandikishe kwa mbio za mwezi mwingine.

Jibu kwa mzazi

Sasa tumrudie mzazi aliyeuliza nani anamfukuza mwanawe. Jibu letu ni kwamba yupo anayetufukuza sote, na mzee huenda anamjua kuliko kijana. Shinikizo la damu, kisukari na kiharusi vimeingia hata katika nyumba za vijijini, na mara nyingi hubisha hodi kwa aliyekaa. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linamshauri kila mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa haraka kunahesabika. Mkulima anayelima kila siku huenda amekwishazitimiza, lakini mzee aliyeacha jembe na kukaa kibarazani hajazitimiza.

Na tukumbuke Bibi Hajar, aliyekwenda mbio baina ya Safa na Marwa akimtafutia maji mwanawe mchanga. Kila hujaji huurudia mwendo wake mara saba, jumla ya kilomita tatu hivi. Wangapi katika wazee wetu hufika Makka baada ya kudunduliza maisha yao yote, kisha miguu ikawakatalia wakasukumwa kwa kiti cha magurudumu? Aliye mgonjwa ana udhuru wake na ujira wake. Aliyekuwa mzima akauzembea mwili wake ana la kujiuliza.

Basi ewe mzazi, usimvunje moyo mwanao. Msimamie katika Swala yake, mchunge katika mavazi yake na marafiki zake, kisha kesho baada ya Alfajiri mtoke pamoja. Yeye akimbie, wewe utembee hadi kilima cha kwanza na kurudi. Na wewe kijana, usimtangulie mzee wako kwa majivuno. Geuka nyuma umwangalie, maana yeye ndiye aliyekushika mkono ulipojifunza hatua ya kwanza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe afya ya kumwabudia, nguvu za kutendea kheri na mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq.