Moshi wa Jiko na Kifua cha Mama

Mama, je, unakohoa kila unapopika? Moshi wa kuni unaingia kifuani na kukiharibu polepole. Mtoto aliye mgongoni anavuta moshi ule ule. Anaweza kushikwa na nimonia.

Fanyeni hivi:

1. Anikeni kuni zikauke kabisa. Kuni mbichi zinatoa moshi mwingi.
2. Pikeni nje. Kama haiwezekani, baba atoboe dirisha jikoni.
3. Mtoto akae mbali na moshi.
4. Msilale na mbabula ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa. Sumu yake haina harufu, nayo inaua watu usingizini.

Ukikohoa majuma 2, usiseme, “Ni moshi tu.” Njoo hospitali, tupime makohozi. Pengine ni kifua kikuu, nacho kinapona kwa dawa.