Pampu ya Mtopanga na Cheche Isiyoonekana

Kaeni karibu na meza, wanangu, ila msiguse waya wowote bado. Kisa cha leo ni cha kijana wa Mtopanga, kule Kisauni, aliyetaka bibi yake alale usiku kucha bila kuamka kuwasha na kuzima pampu.

Mkaazi wa Mombasa bara hahitaji kuambiwa kwa nini bibi alikuwa akiamka. Maji ya mji huu yanatoka mbali: Baricho kando ya mto Sabaki, chemchemi za Mzima kule Tsavo, Marere katika vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi upande wa kusini. Yanapofika mferejini yanafika kwa saa yanazotaka, tena bila nguvu za kupanda hadi juu ya paa. Basi nyumba nyingi zina tangi la chini la kuyapokea, tangi la juu la kuyagawa, na pampu katikati. Ukisahau kuizima, maji yanafurika na kumwagika uani. Ukisahau kuiwasha, alfajiri hakuna maji ya kutawadha wala ya chai.

Kijana akapata bodi ya Arduino, ile kompyuta ndogo isiyozidi kiganja cha mkono, ambayo ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, ili wanafunzi wasio wahandisi nao waweze kuunda vitu vyao. Akatia swichi ya boya katika kila tangi, akaweka skrini ndogo ya kuonyesha hali ya maji, na kati ya bodi na pampu akaweka rilei moja ya buluu.

Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku. Ndani yake kuna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi sana, yaani koili. Umeme mdogo ukipita kwenye koili, chuma kinageuka sumaku, kinavuta kipande cha bati, na vile vipande viwili vinavyogusana, ambavyo mafundi huviita pointi, vinafunga njia ya umeme mkubwa. Mmarekani Joseph Henry aliionyesha kazi hii mwaka 1835, na telegrafu ikaenea duniani kwa kuitegemea, kwa sababu ishara iliyochoka njiani iliweza kubonyeza swichi ya betri mpya na kuendelea na safari. Mpaka leo kazi ni ile ile: mnyonge anamwamrisha mwenye nguvu, na umeme wao hauchanganyiki.

Mezani, mtambo ulifanya kazi barabara. Rilei ilialika, tak, taa ikawaka. Ikaalika tena, taa ikazima. Lakini ulipofungwa kwenye pampu yenyewe, vituko vikaanza. Skrini ikawa inajaa alama zisizosomeka. Mara bodi inajiwasha upya yenyewe katikati ya kazi. Mara inasema tangi limejaa ilhali ni tupu. Usiku mmoja taa ya rilei ilizima, pampu ikaendelea kunguruma mpaka kijana alipoigonga rilei kwa mpini wa bisibisi.

Alifanya ambalo karibu kila mwanafunzi hulifanya. Akaifungua programu, akabadilisha mstari huu, akafuta ule, akaandika upya. Vituko havikubadilika hata kidogo. Bibi ndiye aliyempigia simu shangazi wa kijana, anayekaa Likoni, fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi ya nchi hii. Naomba mlishike jambo hilo la leseni. Umeme wa ukutani hapa kwetu ni volti 240, na volti hizo zinaua. Upande wa volti 5 mnaweza kuuchezea wenyewe. Upande wa pampu ni wa fundi, na nyinyi mkae mbali mkitazama.

Shangazi akavuka na feri, akafika, akaamkiwa, akanywa maji. Hakuitazama programu. Aliuliza swali moja.

"Mwanangu, vituko hivi vinakuja pampu inapowaka au inapozima?"

"Mara nyingi inapozima, shangazi."

"Hapo umeshanipa nusu ya jibu."

Nitawaeleza kwa nini swali hilo lina uzito. Mota inapoanza kuzunguka hunywa umeme mwingi, mara 5 hadi 7 ya inaotumia ikishachangamka. Kama chaja ya bodi ni dhaifu, volti zinashuka na bodi inazimia. Hilo ni tatizo la kuwasha. Tatizo la kuzima lina asili nyingine, nalo ndilo lenye mafumbo.

Tazameni koili. Nahodha wa feri ya Likoni akizima injini katikati ya mkondo, feri haisimami papo hapo, inaendelea kwenda kwa uzito wake. Umeme ndani ya koili nao una tabia hiyo: ukishaanza kupita haukubali kukatizwa ghafla. Swichi inapofunguka njia imekatika, lakini umeme bado unasukuma, na volti zinapanda kwa kasi. Koili ya volti 5 inaweza kutoa zaidi ya volti 100 kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Transista, yaani swichi ndogo ya kielektroniki inayoiendesha rilei, itaungua, isipokuwa pawe na dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, iliyofungwa kwenye koili kinyumenyume, mstari wake ukielekea upande wa chanya, ili umeme ule upate njia ya kuzungukia mpaka ufe wenyewe.

Kijana alilijua hilo. "Lakini dayodi ipo, shangazi. Bodi ya rilei imekuja nayo."

"Ipo upande wa koili ya rilei. Je, pampu haina koili?"

Kijana akanyamaza. Mota ya pampu imejaa koili, kubwa kuliko ya rilei kwa mbali, zimezungushwa juu ya chuma. Kila pointi zinapoachana, umeme wa mota unakataa kukatika, unaruka hewani kati ya pointi, na cheche inazaliwa. Kifuniko cha buluu kinaificha, usiione.

Shangazi akamwambia bibi alete redio yake ndogo ya betri. Akaiweka kwenye AM, mahali pasipo na stesheni, pakawa na mvumo tu. Akasimama hatua chache kutoka kwenye mtambo, akaagiza pampu iwashwe na kuzimwa. Ilipozima, redio ikalia: krrap! Wakarudia. Krrap!

Redio haikuharibika. Mwishoni mwa miaka ya 1880, Mjerumani Heinrich Hertz alionyesha kule Karlsruhe kwamba cheche ikiruka upande mmoja wa chumba, cheche nyingine ndogo huruka kwenye duara la waya upande wa pili, pasipo kitu kuziunganisha. Cheche hutuma mawimbi. Ndivyo mitambo ya kwanza ya redio ilivyokuwa, ya cheche tupu. Kwa hiyo kijana alikuwa amejenga kituo cha kutangazia ndani ya sanduku la plastiki bila kujua, na msikilizaji wa karibu kabisa alikuwa bodi yake mwenyewe.

Kisha shangazi akatembea na redio ile mkononi, polepole, akiisogeza ukutani. Penye ukuta mtupu mlio ulikuwa hafifu. Alipofika penye waya wa boya unaopanda hadi paani, mlio ukawa mkali, na ukabaki mkali mpaka juu. Kijana alikuwa ameufunga waya wa boya pamoja na waya wa pampu kwa utepe mweusi, ili ukuta upendeze. Waya ule mrefu wa boya ulikuwa antena. Ulipokea cheche na kuipeleka moja kwa moja kwenye pini ya Arduino, na pini ikadhani boya limepanda.

Mimi napenda sana ufundi wa aina hii. Shangazi hakuwa na mashine ya bei kubwa. Alikuwa na redio ya bibi na swali zuri.

Hata hivyo hakutosheka na redio, na hapa muwe makini, kwa maana ndipo mafundi wengi wanapokimbilia kubadilisha spea. Alizima swichi kuu, akapima kwa testa kuhakikisha hakuna umeme, akaitoa pampu, kisha akaiacha rilei ialike peke yake mara nyingi. Bodi ikatulia. Basi koili ya rilei na chaja hazina hatia. Akaweka balbu ya zamani, ile ya waya unaong'aa, mahali pa pampu. Balbu ni mzigo usio na koili ya sumaku. Bodi ikatulia tena. Akairudisha pampu, na vituko vikarudi. Hapo mhalifu hakuwa na pa kujificha tena, wala shangazi hakuwa ameigusa programu hata herufi moja.

Shangazi akaipasua ile rilei ya buluu waione. Pointi zilikuwa nyeusi, zimechimbika, na upande mmoja kulikuwa na kidonge cha chuma kilichoyeyuka. Juu ya rilei kumeandikwa ampea 10, na kijana alihesabu kwamba pampu yake ya nusu nguvu-farasi inatumia kama ampea 3, akaona amebakiwa na nafasi tele. Lakini 3 mara 6 ni 18, na wakati wa kuwaka ndio pointi zinapogusana na kurukaruka. Zinayeyuka, zinagandana, na hapo rilei inaamriwa kuachia isiweze. Ile ampea 10 ni ya mzigo mtulivu kama pasi.

Dawa ilianzia kwenye chanzo. Rilei ndogo ikapewa kazi ya kuamrisha kontakta, ambayo ni rilei kubwa iliyoundwa kwa ajili ya mota, na kontakta ikawekwa kwenye sanduku lake la chuma mbali na bodi, waya wa ardhi ukafungwa vizuri. Kontakta nayo ina koili ya volti 240, kwa hiyo pointi za rilei ndogo bado zingetoa cheche. Dayodi haifai hapo, kwa kuwa umeme wa ukutani hugeuka mwelekeo mara 50 mbele na mara 50 nyuma kila sekunde, na dayodi ingeufungulia njia ya mkato. Shangazi akafunga kwenye koili ya kontakta rezista ya omu 100 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 zikifuatana. Kapasita inaumeza ule mruko wa volti, rezista inaugeuza kuwa joto kidogo. Kapasita hiyo lazima iwe imeandikwa X2 na inayohimili umeme wa ukutani, kwa sababu ya kawaida ikishindwa inaweza kuwaka moto.

Baada ya chanzo, njia. Waya wa boya ukatenganishwa na waya wa pampu, ukapitishwa ukuta mwingine, na nyaya zake mbili zikasokotwa pamoja ili kelele inayoingia huku iingie na huku, zifutane. Kwenye pini pakawekwa rezista ya kiloomu 4.7 ya kuivuta hadi volti 5, maana ile ya ndani ya bodi ni kiloomu 20 hadi 50, dhaifu mno kwa waya wa urefu huo. Kapasita ndogo ya nanofaradi 100 ikawekwa kati ya pini na hasi. Rilei nayo ikapewa chaja yake.

Walipokuwa wakifunga, shangazi alikuta skrubu za upande wa paani zimeota ukungu wa kijani, na sisimizi wameingia ndani ya sanduku. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na kiunganishi kilicholegea huku kutu imekiingia hutoa cheche zake chenyewe. Akakwangua, akakaza, akaziba tundu za sanduku. Wadudu si jambo la mzaha kwa rilei. Tarehe 9 Septemba 1947, kwenye kompyuta ya Mark II ya Chuo Kikuu cha Harvard, mafundi walimkuta nondo amebanwa kwenye rilei, wakambandika kwa utepe katika daftari lao la kazi. Daftari hilo limehifadhiwa mpaka leo.

Pampu ikawashwa, ikazimwa. Skrini ikasomeka. Redio ya bibi ikatoa mlio hafifu tu.

Likabaki moja. Tangi la juu lilipokaribia kujaa, maji yalikuwa yakiyumba, boya likicheza juu na chini, na rilei ikialika kila sekunde: tak, tak, tak. Hili halikuwa kosa la cheche wala la waya. Sasa shangazi akavuta kiti, akasema, "Haya, mwanangu, nionyeshe programu." Boya moja lilikuwa limepewa kazi ya kuwasha na ya kuzima. Wakaongeza la pili kwenye tangi lile lile, la chini liwashe na la juu lizime, na programu ikaambiwa isibadilishe uamuzi kabla ya dakika 2 kupita. Rilei za aina ile hutengenezwa zialike mara 100,000 hivi zikibeba mzigo wake kamili. Kwa kualika kila sekunde, hesabu hiyo inakwisha kwa saa 28. Kwa pampu inayowaka mara 4 kwa siku, inatosha miaka zaidi ya 60.