Rwanda: Kwa nini mwongozo wa tiba ya akili hautoshi bila mlezi wa wauguzi

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa kutibu magonjwa ya akili na kifafa, uliokusudiwa wahudumu wasio mabingwa wa fani hiyo. Mwongozo huo, ujulikanao kwa kifupi kama mhGAP, ulifanyiwa marekebisho mwaka 2016. Sababu yake inaeleweka: madaktari bingwa wa akili ni wachache mno, na wengi wao wako mijini. Hata hivyo, kitabu kufika kituoni si sawa na mgonjwa kutibiwa kwa mujibu wake.

Chukua mfano wa sonona, ile huzuni nzito ya muda mrefu. Kabla ya kuandika dawa, muuguzi hutakiwa kuuliza iwapo mgonjwa amewahi kupitia kipindi cha uchangamfu uliopita kiasi, akilala kidogo, akisema mfululizo na kutapanya fedha. Swali hilo lisipoulizwa, mtu ambaye hisia zake hupanda na kushuka kwa ugonjwa mwingine anaweza kupewa dawa ya sonona peke yake, nayo ikamtumbukiza katika msisimko mkali. Penye foleni ndefu ya wenye homa na watoto wachanga, swali la namna hii huwa rahisi kurukwa.

Katika wilaya ya Burera, kaskazini mwa Rwanda karibu na mpaka wa Uganda, Wizara ya Afya na shirika la Partners In Health, liitwalo huko Inshuti Mu Buzima, hawakuishia kwenye semina. Muuguzi wa akili kutoka hospitali ya wilaya huenda kwenye kituo cha afya, akaketi chumbani wakati mwenzake akimhoji mgonjwa, na kufuatilia kwa orodha hatua zinazotakiwa. Baadaye wawili hao huzungumza: kipi kimeulizwa, kipi kimesahauliwa. Huyu si mkaguzi wa kutafuta makosa, ambaye wauguzi wengi wamemzoea na kumwogopa. Hurudi tena na tena kama mlezi. Mpango huo uliwezekana pia kwa kuwa Rwanda ilikwisha kuwa na sera ya afya ya akili tangu 1995, mwaka mmoja baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

Ulezi pekee, hata hivyo, haujazi kabati la dawa. Mwongozo unataka mgonjwa wa sonona aliyeanzishiwa dawa aendelee nayo miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kutoweka, na dawa ya kifafa isifikiriwe kuachwa kabla ya miaka 2 bila kifafa kumwangusha mgonjwa. Dawa ya kifafa ikikatika ghafla, mgonjwa anaweza kupatwa na mishtuko ya mfululizo inayohatarisha maisha. Kwa hiyo familia inashauriwa kurudi kituoni kabla vidonge havijaisha, na kutomwachisha mgonjwa dawa kwa kuwa tu anaonekana amepona.