Fimbo, Taa na Jicho: Mashine Gani Iliyoujua Mwendo wa Mtu?

Voi ni mji wa njia panda. Kila kipya kinachoshushwa Kilindini, kikiwa chaelekea bara, aghalabu hupita hapo kwanza, ama kwa reli ama kwa barabara kuu. Basi si ajabu kwamba vijana wa Voi, kama wenzao wa Mombasa na Malindi, wanaijua michezo ya video kama baba zao walivyoyajua mabao ya kete.

Malalamiko ya wazazi juu ya michezo hii nayo yanajulikana. Kwanza, kijana hukaa kitako mchana kutwa, kinachocheza ni vidole gumba tu. Pili, pakiwepo ule mtindo wa aliyeshindwa kulipia mchezo, wazee hunusa harufu ya kamari. Tatu, adhana huadhiniwa na mtu hainuki.

Hayo mawili ya mwisho ni kazi ya malezi, wala hapana mashine itakayoyatengeneza. Lakini lile la kwanza, la kukaa kitako, wenye viwanda walijaribu kulitatua. Baina ya mwaka 2006 na 2010 makampuni matatu makubwa yalishindana kutengeneza mashine inayofuata mwendo wa mwili. Inafaa tuyapime mashindano hayo, tuone nani alishinda, na kwa nini.

MIZANI YA KIRUMBIZI

Msomaji aliyewahi kutazama kirumbizi kule Lamu anayo mizani tayari. Zumari inalia, watu wawili wanaingia uwanjani, kila mmoja na fimbo yake. Mtazamaji mgeni huiangalia fimbo. Mjuzi huangalia fimbo, bega na mguu kwa pamoja, kwani hila ya mchezaji huanzia mguuni kabla haijafika mkononi. Mashine zile tatu zilikuwa kama watazamaji watatu wa kirumbizi, kila mmoja akiona sehemu yake.

Wa kwanza ni Wii ya kampuni ya Nintendo ya Japani, iliyotoka Novemba 2006. Mchezaji alishika kitu mfano wa rimoti ya runinga. Ndani yake mlikuwa na akselerometa, yaani kihisi kinachopima namna mkono unavyoongeza au kupunguza kasi. Mbele ya rimoti palikuwa na kamera ndogo ya kuona miale ya infraredi, ambayo jicho la binadamu haliioni. Miale hiyo ilitoka kwenye ufito uliowekwa karibu na runinga. Ufito wenyewe haukuhisi chochote, ulikuwa ni taa tu. Ndiyo maana watu waligundua kwamba mishumaa miwili yaweza kushika nafasi yake!

Upungufu wa Wii ulikuwa kwamba iliijua fimbo, haikumjua mshika fimbo. Katika mchezo wa tenisi mtu hodari wa hila aliketi kitini, akatikisa kifundo cha mkono kidogo tu, na mpira ukaruka kama uliopigwa na bingwa. Mwaka 2009 Nintendo iliongeza kifaa chenye jairoskopu, cha kupima mzunguko wa mkono, na usahihi ukazidi.

Wa pili ni Sony. Mwezi wa Septemba 2010 iliuza kifimbo cha Move kwa ajili ya PlayStation 3. Nchani mwake palikuwa na tufe linalong'aa rangi, na kamera ililitazama tufe hilo. Likionekana kubwa, mkono umekaribia, likionekana dogo, mkono umerudi nyuma. Kwa usahihi wa mkono, Move ilikuwa hodari kweli kweli. Lakini nayo ilifuata fimbo, miguu haikuiona.

Wa tatu ni Microsoft ya Marekani, na Kinect yake ya Novemba 2010. Hapa mchezaji hakushika kitu. Kifaa kilitawanya vitone vya infraredi chumbani, kikapima umbali wa kila kiungo, na kuuona mwili mzima tangu kichwa hata mguu. Watu walistaajabu, na katika siku 60 za kwanza ziliuzwa milioni 8. Hata hivyo, mwenye kuona yote alichelewa kuona. Baina ya mkono kupungwa na picha kufuata palikuwa na sehemu ndogo ya sekunde, nayo yatosha kumkosesha mtu goli.

CHUMBA CHA FUTI KUMI

Sasa tuzilete Voi. Chukua chumba cha biashara cha futi 10 kwa 10. Weka runinga, meza na benchi la wanaongoja zamu. Kinect ilitaka mchezaji mmoja asimame kiasi cha futi 6 mbali nayo, na wawili futi 8. Hapo benchi litakwenda wapi? Tena kila apitaye mbele hukatiza jicho la mashine. Joto la Voi nalo halina simile, mlango lazima uwe wazi, na jua kali likiingia huvuruga miale ya infraredi. Kifaa kilichobuniwa kwa sebule pana za Marekani hakingefaa mahali kama hapo.

Wii ingebanana vizuri zaidi, ila nayo ilikuwa na hatari yake. Desemba 2006 Nintendo ilijitolea kubadilisha kamba milioni 3.2 za kufungia rimoti mkononi, kwa sababu zilikuwa zikikatika na rimoti kuruka. Mwenye chumba ambaye runinga ndiyo mtaji wake wote hawezi kulichukulia jambo hilo kama mzaha.

NANI ALISHINDA?

Kwa mauzo, alishinda Nintendo, kwani Wii zilizouzwa zilipita milioni 100. Kinect iliachwa kutengenezwa mwaka 2017, na Move ikapata kazi ya pili katika miwani ya PlayStation VR tangu 2016. Lakini vihisi havikufa. Vimo ndani ya vidhibiti vya Nintendo Switch ya 2017, na ndani ya kile cha PlayStation 5 pia. Ila sasa ni wasaidizi, na vitufe vimerudi kuwa mabwana.

Sababu ni nyepesi. Mpenzi wa kandanda ya video anataka pasi itoke pale pale anapoamuru, naye akae mashindano yote bila kuchoka. Na mwenye chumba anataka wateja wengi katika nafasi ndogo. Kitufe kiliwaridhisha wote wawili. Yule mzazi anayelalamika kwamba mwanawe anakaa kitako hakuwa mnunuzi, kwa hivyo hakuna aliyemsikiliza.

Basi mzazi asingoje kiwanda kimwinue mwanawe kitini. Jioni jua likipoa, kiwanja kipo, mpira upo, na vijana wenziwe wapo. Huko kila kiungo huhesabiwa, wala hakuna kuchelewa.