Picha za Shamba Kutoka Angani: Zinaonyesha Nini, na Hazionyeshi Nini

Siku hizi si ajabu kumwona mkulima akifika afisi ya kilimo na simu mkononi, akaonyesha picha ya shamba lake iliyopigwa kutoka angani, akauliza, "Je, hapa si ndipo mpaka wangu ulipo?" Mwingine huuliza kama ni kweli kwamba chombo kilicho juu sana angani chaweza kujua kwamba mahindi yake ni magonjwa kabla yeye mwenyewe hajajua.

Maswali haya mawili ni mazuri. Mkulima akizifahamu picha hizi zitamsaidia katika kazi yake. Asipozifahamu zaweza kumgombanisha na jirani yake, au kumfanya alipe pesa kwa ekari ambazo haziko. Kwa hivyo yafaa tueleze jinsi picha zenyewe zinavyopigwa.

NDEGE NA KAMERA

Ndege ya kupiga picha za ramani hubeba kamera kubwa inayotazama chini moja kwa moja. Kamera ya kawaida ya kazi hiyo, kwa miaka mingi, ilikuwa na lenzi ya milimita 152, na picha yake ilikuwa na upana wa sentimita 23 kila upande. Ndege ikiruka mita 1,900 juu ya ardhi, milimita moja katika picha ni sawa na mita 12 na nusu chini. Basi picha moja tu huonyesha eneo la ekari 2,000 na zaidi kidogo.

Rubani hupita kwa mistari iliyonyoka, kama mtu anayelima kwa plau, akienda na kurudi. Kila picha hufunika zaidi ya nusu ya ile iliyoitangulia. Huku si kupoteza filamu. Funika jicho lako moja, kisha jaribu kutia uzi katika tundu la sindano. Utaona ni kazi ngumu, kwa sababu jicho moja halipimi vizuri umbali. Vivyo hivyo, mahali pakipigwa picha mbili kutoka sehemu mbili za angani, mchoraji wa ramani huzitazama pamoja kwa chombo maalum, picha moja kwa kila jicho, na papo hapo huona vilima vikiinuka na mabonde yakishuka. Ndivyo anavyoweza kuchora ramani ya nchi yenye milima bila kuipanda yote kwa miguu.

MLIMA HAUZAI EKARI

Lakini picha peke yake si ramani. Inyoshe mikono yako mbele, kisha ulete kiganja kimoja karibu na uso. Kile kilicho karibu huonekana kikubwa kuliko kile kilicho mbali, ingawa viganja vyote viwili ni sawa. Ardhi pia ni hivyo. Shamba lililo juu ya kilima liko karibu zaidi na kamera, kwa hivyo hutokea kubwa katika picha. Lile la bondeni hutokea dogo.

Tuhesabu kidogo. Ndege iko mita 1,900 juu ya bonde, na kilima kina urefu wa mita 190 kutoka bondeni. Shamba la ekari 10 lililo juu ya kilima hicho, likipimwa katika picha bila kusahihishwa, litaonekana kama ekari 12 na zaidi. Tena litakuwa limesukumwa nje ya mahali pake. Likiwa sentimita 8 kutoka katikati ya picha, litasogea milimita 8, na hizo ni mita 100 kamili chini. Jitu zima la mpaka laweza kupita hapo!

Kwa sababu hiyo wapimaji husahihisha picha kwanza, kwa kutumia alama zilizopimwa chini kwa vyombo. Ni baada ya kusahihishwa tu ndipo picha yaweza kutumiwa kama ramani.

UA ULIOPANDWA ILI UONEKANE NA NDEGE

Katika miaka ya 1950, vipande vya ardhi vilipokuwa vikiunganishwa katika Mkoa wa Kati, kazi ilikuwa kubwa na wapimaji walikuwa wachache. Ramani nyingi za mwanzo zilichorwa juu ya picha za ndege zilizokuzwa tu, bila kusahihishwa makosa ya vilima. Wakubwa wa kazi hiyo walijua kwamba ramani hizo si kamili. Wenye mashamba waliambiwa wapande ua mipakani. Ua ukikua vizuri ungeonekana kutoka angani, kisha picha zipigwe mara ya pili na ramani zisahihishwe kwa kufuata ua wenyewe.

Hapa pana somo ambalo wengi wamelisahau. Ramani ilikuwa ikingoja kufundishwa na ua. Ua haukuwa ukingoja kufundishwa na ramani. Basi mtu anayekata ua wa kayaba wa zamani na kuupanda upya hatua tatu mbele, au anayeng'oa jiwe la mpaka ili trekta ipite, anafuta ushahidi ulio bora kuliko karatasi.

Sheria nayo yasema namna hiyo. Kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, ramani iliyo kwa Msajili huonyesha mipaka kwa makisio tu, isipokuwa pale ambapo imeandikwa katika daftari kwamba mpaka umekwisha kupimwa na kuthibitishwa. Wenye mashamba wakibishana, wa kwanza kuamua mahali pa mpaka ni Msajili wa Ardhi. Mahakama haipokei kesi ya mpaka wa shamba lililosajiliwa kabla mpaka huo haujaamuliwa kwa njia iliyowekwa na sheria. Na kuharibu au kuhamisha alama ya mpaka bila ruhusa ni kosa.

PICHA ILIYO KATIKA SIMU

Picha ya shamba uionayo katika simu huenda ilipigwa miezi au miaka iliyopita, na huenda haikukaa barabara juu ya ardhi. Simu yenyewe hujua mahali ilipo kwa kusikiliza setilaiti nyingi kwa pamoja. Mahali peupe pasipo miti, simu ya kawaida hukosea kama mita 5. Chini ya miti au kando ya jengo, hukosea zaidi.

Mita 5 si kitu kwa mtu anayetafuta njia ya kwenda sokoni. Kwa mwenye shamba dogo ni kitu kikubwa. Chukua shamba la mita 50 kwa mita 160. Hilo ni karibu ekari 2. Simu ikikosea mita 5 kwa kila upande kwenda nje, itasema shamba ni ekari 2 na nusu. Ikikosea kwenda ndani, itasema ni ekari moja na nusu. Kati ya majibu hayo mawili kuna ekari nzima! Mtu akikuuzia shamba kwa kipimo cha simu, mjibu kwa heshima kwamba utangoja kipimo cha mpimaji mwenye leseni.

MWANGA USIOONEKANA

Sasa tuje kwa lile swali la pili. Jicho la binadamu huona rangi za upinde wa mvua tu, kuanzia zambarau mpaka nyekundu. Lakini mwanga haukomi hapo. Ng'ambo ya wekundu kuna mwanga mwingine uitwao infraredi. Ukitaka kuuona, chukua kile kidude cha kubadilishia stesheni za televisheni, elekeza mbele yake kwenye kamera ya simu, kisha bonyeza. Macho yako hayataona kitu, lakini katika simu nyingi utaona kitaa kidogo kikiwaka. Huo ndio mwanga wenyewe.

Jani lililo hai hutumia mwanga mwekundu wa jua kujitengenezea chakula. Mwanga wa infraredi halina kazi nao, hivyo hulirudisha jingi. Jani likidhoofika, hali hubadilika. Wekundu mwingi zaidi hurudi, na infraredi hupungua. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili wanajeshi walifunika magari yao kwa matawi yaliyokatwa ili adui asiyaone. Filamu ya infraredi iliwafichua, maana matawi yaliyokatwa hayakurudisha mwanga kama miti iliyo hai. Mwaka 1956 mtaalam mmoja wa California, Robert Colwell, alionyesha kwamba picha za namna hiyo zikipigwa kutoka kwa ndege zaweza kuonyesha magonjwa ya nafaka shambani.

Baadaye kazi hiyo ilipewa setilaiti. Mwezi wa Julai mwaka 1972 Marekani ilirusha ile ya kwanza ya mfululizo wa Landsat. Doa moja dogo katika picha zake lilikuwa karibu mita 80 kwa kila upande, yaani ekari moja na nusu. Kwa mkulima mdogo, shamba lake zima lilikuwa madoa mawili matatu tu. Mwaka 1975 kituo cha nchi za Afrika cha kazi ya ramani na picha hizi kiliundwa, na makao yake yako Nairobi hata leo. Tangu mwaka 2015 setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, zikizunguka dunia kilomita 786 juu, hupiga picha zenye madoa ya mita 10. Ekari moja hupata madoa 40 hivi, na kila mahali petu hupigwa picha kila baada ya siku 5. Kenya nayo ilirusha setilaiti yake ya kutazama ardhi, Taifa-1, mwezi wa Aprili mwaka 2023.

HESABU YA UKIJANI

Wataalam hawatazami picha tu, huzihesabu. Huchukua mwanga wa infraredi uliorudi, wakatoa mwekundu, kisha jibu hilo wakaligawanya kwa jumla ya yote mawili. Tuseme katika kila sehemu 100 za mwanga, shamba la mahindi mazuri limerudisha 50 za infraredi na 5 nyekundu. Toa 5 katika 50, inabaki 45. Gawanya kwa 55, utapata 0.82. Udongo mtupu ukirudisha 30 na 20, jibu ni 0.2. Basi kadiri jibu linavyokaribia 1, ndivyo majani yalivyo mengi na yenye nguvu.

Hesabu hii inalisha watu kweli. Tangu mwaka 2010 imetumiwa Marsabit katika bima ya mifugo. Ukijani wa malisho ukishuka kupita kiwango kilichowekwa, mfugaji aliyelipa bima hupewa fidia bila mtu kwenda kuhesabu mizoga.

HAIJUI SABABU

Lakini angalieni sana. Daktari akitazama picha ya eksirei huona mfupa umevunjika, wala haoni kama mtu alianguka mtini au aligongwa na gari. Setilaiti nayo huona kwamba kona moja ya shamba imedhoofika. Haijui kama ni ukosefu wa mbolea, maji yaliyotuama, viwavi, au ng'ombe wa jirani waliopita usiku. Hayo yote hutoa rangi moja. Tena mawingu huiziba, na sisi tunaokaa nchi ya juu twajua jinsi mawingu yalivyo mengi wakati wa mvua. Mahindi yaliyochanganywa na maharagwe au magugu huisumbua vilevile, maana gugu nalo ni kijani.

Kwa hivyo picha ni kama mtoto anayekuja mbio kusema, "Baba, kuna kitu huko chini." Humwambii kwamba umekwisha jua. Huchukua jembe lako ukaenda kutazama.

MAMBO YA KUFANYA

1. Tunza ua na mawe ya mpaka wako. Palilia kandokando ya jiwe ili lionekane, na usipande mti juu yake.

2. Picha ya simu isiwe sababu ya kuhamisha mpaka. Ukiwa na shaka, zungumza na jirani yako kwanza, mbele ya wazee. Mkishindwa, pelekeni maombi kwa Msajili wa Ardhi.

3. Usinunue wala usiuze ardhi kwa kipimo cha simu. Mpimaji hulipwa mara moja, lakini ugomvi wa mpaka hurithiwa na watoto.

4. Ukiambiwa picha imeonyesha udhaifu katika shamba lako, nenda mahali penyewe. Ng'oa mashina matano, tazama mizizi, pindua majani, kisha uyalete afisi ya kilimo yakiwa mabichi.

5. Mtu akija na ndege ndogo isiyo na rubani kupiga picha mashamba, muulize kibali. Kwa kanuni za mwaka 2020, ndege hizo huhitaji idhini ya wakubwa wa usafiri wa anga.

Vyombo hivi ni vizuri, na vitazidi kuwa vizuri. Hata hivyo, hakuna kimoja kati yao kinachoweza kuinama na kushika udongo. Kazi hiyo bado ni ya mwenye shamba.