Swali la Kuulizwa Siku ya Chanjo

Mtoto asiyegeuka akiitwa jina lake, asiyeonyesha kitu kwa kidole, na ambaye maneno machache aliyokuwa nayo yamempotea, hupewa majina mengi kabla ya kupewa lililo lake. Jirani atasema ni ukaidi. Bibi atakumbusha kwamba hata baba yake alichelewa kusema. Wengine watataja sheitani, na hapo ndipo zianzapo safari za kwa waganga, na miaka ikapita.

Hali hiyo ni usonji. Daktari Leo Kanner aliieleza huko Marekani mwaka 1943, basi si jambo geni kwa wataalamu. Haipimwi kwa damu. Hutambuliwa kwa kumtazama mtoto anavyocheza na kumhoji mzazi kwa utulivu, na masikio yake yapimwe pia. Lakini mzazi wa Kojani, ambaye safari yake yoyote huanza kwa mashua, akiambiwa amfuate mtaalamu Unguja au Dar es Salaam, atahesabu nauli, malazi na siku za kazi zitakazopotea, kisha atarudi nyumbani.

Hatua ya kwanza, hata hivyo, haihitaji meli. Afikapo miezi 18 mtoto hutakiwa kituoni kwa chanjo ya pili ya surua na rubela. Iko orodha ya maswali 20, itumikayo katika nchi nyingi kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, ambayo mzazi huijibu kwa dakika chache. Majibu yake si hukumu. Humwonyesha muuguzi ni mtoto yupi wa kupelekwa mbele. (Na uvumi usipate mlango: chanjo haileti usonji. Makala ya mwaka 1998 iliyodokeza hivyo ilifutwa mwaka 2010 na jarida lile lile lililoichapisha.)

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unataka huduma za afya ziwe karibu na wanapoishi watu kadiri iwezekanavyo, vijijini pia. Kwa hiyo tunawaomba wahusika wa afya wahakikishe kwamba maswali hayo, kwa Kiswahili chepesi, yako mikononi mwa kila muuguzi wa Unguja na Pemba. Wataalamu nao wapangiwe siku za kuja Chake Chake, badala ya mtoto asiyevumilia kelele kupandishwa melini. Na wenzao wa elimu wasingoje cheti cha daktari ndipo mtoto aanze kufundishwa kusema na kucheza na wenziwe.